Taulo ya Bluu ama ya Njano

Ofisi iliyoniajiri Kitale kuwahudumia wazee majumbani ilinipa fulana yenye nembo, mwongozo mnene kuliko Biblia ya askofu, na nambari ya simu ya kupiga nikikwama. Mwongozo ule ulikuwa na sura nzima ya kumkinga mzee asiteleze kwenye theluji. Nikatumwa Myanga, kijijini kule Bungoma.

Huko nilimkuta mama mzee ambaye watoto wake wote wako Nairobi na humpenda sana kwa simu. Alikuwa ameanguka, akalala muda mrefu hadi nyonga ikatoka kidonda. Kazi yangu ilikuwa kumwosha, kumgeuza, na kukisafisha kidonda kabla hakijafika mfupani. Kikifika mfupani, mtu wa umri ule haamki tena.

Mwanzoni tulielewana vizuri. Kisha nikafanya kosa la kusoma kitabu. "Jenga uaminifu," kilisema. "Msimulie mzee kuhusu familia yako." Nikaweka beseni chini, nikamshika mkono, nikaanza kusimulia.

"Umeoa wapi?" akauliza.

"Malakisi, mama."

"Kwa watu gani?"

Nikautaja ukoo wa mama mkwe wangu, tena kwa fahari, maana ni watu wazuri. Akauchomoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto, akajifunika leso usoni, akageukia ukutani. Yeye na mama mkwe wangu ni wa ukoo mmoja. Kwa hesabu ya Wabukusu, kabila lao, hao ni dada, basi mimi nilikuwa mkwe wake. Na mkwe hamshiki mama mkwe mkono, sembuse kumwosha nyonga. Mimi ni mtoto wa Kitale, wazazi wangu walihamia kutoka Mkoa wa Kati, na kwetu mkwe akija anapewa mkono na chai. Nilikuwa nimejifunza kukaa mbali na mama mkwe mmoja. Hakuna aliyenionya kwamba wako wengi hivyo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alikataa nisimguse, kisha akakataa hata kunywa maji, ili nisije nikaitwa kumbadilisha. Nikapiga ile nambari. Baada ya muziki mrefu akapokea binti mchangamfu.

"Niaje bro. Umejaribu kumchezea nyimbo za ujana wake?"

"Dada, mimi ni mkwe wake."

"Sawa. Basi mpe chaguo. Muulize kama anataka taulo ya bluu ama ya njano."

Nikageukia kundi la wahudumu kwenye wasapu, nikaandika shida yangu yote. Wa kwanza akajibu, "Amina." Wa pili akauliza nani anataka miche ya parachichi, inapatikana Mabanga. Msimamizi akatuma somo la mhudumu kujitunza: vuta pumzi, toa pumzi. Nikavuta, nikatoa. Kidonda kilikuwa palepale, na sasa harufu yake ilifika sebuleni. Niliogopa sana. Dawa ninayo, ujuzi ninao, na ulimi wangu mwenyewe umenifungia mlango.

Jirani, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akaja kuuliza mbona nimekaa nje kama mgeni wa matanga. Nikamweleza. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Si ungenyamaza tu, bana! Ati mkwe anaosha mama! Hata mimi ningekataa. Wewe kaa hapo nje, uniambie chenye nafanya."

Ndivyo tulivyofanya. Nilikaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikipiga kelele kama kocha wa kandanda: nawa mikono kwanza, mgeuze kushoto, usikisugue!

"Kina rangi gani?"

"Nyekundu, dakitali. Kama nyama ya bucha."

Nikamshukuru Mungu, maana nyekundu ni nyama hai. Wapita njia walisimama barabarani kusikiliza nyonga ya mtu ikitangazwa. Na kila tulipomaliza, yule mama alisema na jirani, kamwe si na mimi: "Uliza huyo mtu kama amekula." Nikisema bado, naletewa uji.

Akaanza kunywa maji. Kidonda kikaanza kufunga. Ofisi ikapata habari, ikaja na gari na kamera kutafuta picha ya jalada la mwongozo mpya: mimi nimemshika mzee mkono. Yule mama akajifunika leso, akasema hapigwi picha na huyo mtu. Mkubwa wetu hakukata tamaa. Alimtoa jirani kwenye maharagwe yake, akamlaza kwenye benchi nje, blanketi hadi kidevuni, akamwambia aonekane mgonjwa. Ukiliona jalada lile, utaona mkono niliokamata una udongo kwenye kucha, na mgonjwa anajizuia kucheka.

Wakaniachia fulana nyingine, wakaenda kula Bungoma mjini.

"Wale wageni wameenda?" sauti ikatoka ndani.

"Wameenda, mama," jirani akajibu, akikung'uta blanketi.

"Uliza huyo mtu kama wamemuuliza amekula."

Jirani akanitazama. Ofisi ilikuwa imeniuliza juu ya ripoti, juu ya fulana, juu ya picha. Nikatikisa kichwa.

"Hawajamuuliza, mama," jirani akajibu.

"Basi shika kuku moja hapo nje," akamwambia jirani. "Mkwe wangu hawezi kunywa uji kila siku."