Maji ya Mama Chini ya Taa ya Zambarau

Mke wangu anafanya kazi kwenye maabara ya maji. Anatafuta madini ya risasi, ambayo macho hayayaoni wala ulimi hauyaonji. Anatia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji, anazima taa ya chumba, anawasha taa yake ya zambarau. Risasi ikiwepo, dawa inawaka kijani. Isipokuwepo, giza. Wenzake wanamwita Mama Giza, maana akiona giza ndipo anapotabasamu.

Mama yangu anaishi peke yake na kisima chake. Karakana ya betri, zile zenye risasi ndani, ilipofunguliwa jirani yake, tukakubaliana: maji yakiharibika, anahamia kwetu. Alikubali shingo upande. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema, akimaanisha wanawake wawili na jiko moja.

Siku ya kupima alikuja maabara na chupa yake ya maji ya kisima, inang'aa kwa usafi. Mke wangu akatia dawa, akazima taa. Maji yakawaka.

Mama akakaa kitini taratibu. "Basi nitauza kuku," alisema. Nilimwonea huruma.

Mke wangu alikuwa amekunja uso. "Mbona si kijani? Hii ni buluu." Akamimina maji yale yale kwenye kichupa kingine, bila dawa hata tone, akamulika. Yakawaka vile vile.

"Mama, hii chupa uliiosha na nini?"

"Sabuni ya unga, mwanangu. Kwani ningemletea mkwe chupa chafu?"

Kumbe sabuni hiyo ina kitu cha kung'arisha nguo nyeupe, na ndicho kilichokuwa kinawaka. Nikatumwa kisimani na chupa ya maabara, nikaenda mbio na kurudi nahema. Maji mapya, dawa, taa ya zambarau. Giza totoro.

Mama akamgeukia mke wangu. "Sema kweli. Umefurahi kwamba sihamii kwako?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nimefurahi sana, mama."

"Hata mimi!" Mama alicheka akishika mbavu, mke wangu naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuwahi kuwaona wakipendana namna ile.

"Jumapili njoo ule kwangu," Mama akamwambia. "Huyu mwache nyumbani aoshe vyombo."