Kibali cha Jumatatu

"Mama yako iko na shida gani na siku ya Mungu?"

Aliyeniuliza ni jirani yetu wa ghorofa ya nne, mama Mkongo aliyependa msitu kuliko mtu yeyote niliyemjua hapa Bredäng, mtaa wa Waswidi na wahamiaji pembezoni mwa jiji. Tulikuwa kwenye lifti. Mkononi alishika kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na kisu kidogo cha kukatia uyoga. Alikuwa amemwalika mama yangu waende pamoja Jumapili, mara ya tatu sasa, na kwa mara ya tatu mama alikuwa amekataa.

"Anapumzika," nikasema.

"Anapumzika? Jana Jumamosi nimemuona anatoka msituni na ndoo imejaa, anatembea kama askari. Ni dini?"

"Dini yetu haina neno na Jumapili. Ni kazi. Siku zake za mapumziko ni Jumatano na Jumamosi."

"Na mwezi wa saba, wakati iko kwa likizo? Mwezi mzima nyumbani, na anaenda tu Jumatano na Jumamosi. Mimi nahesabu, ma fille, binti yangu."

Sikuwa na jibu. Kwangu hilo lilikuwa jambo geni, kwa sababu nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu na kila kitu nilikuwa na jibu lake, na kama sina jibu basi nina shaka nalo. Lifti ikafunguka, jirani akatoka, nami nikabaki nimekasirishwa na swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe miaka mingi nyuma.

Tuliishi wawili tu, mama na mimi. Ukitoka kwenye jengo letu ukapita shule na uwanja wa mpira, baada ya dakika chache lami inakwisha na msitu unaanza: misonobari juu ya miamba, mialoni mabondeni, halafu mteremko mkali mpaka ziwani. Hakuna geti. Kuna kizuizi kimoja tu cha chuma, cha kuzuia magari, kwenye njia pana inayotokea maegesho. Msitu ni mali ya jiji. Zamani ulikuwa sehemu ya shamba kubwa la mabwana. Jiji lilichukua ardhi ili kupata mahali pa kujenga nyumba za watu, nyumba kama hii yetu, na msitu ukabaki katikati.

Mama aliupenda kwa namna yake, na namna yake ilikuwa na kanuni. Hakuingia na kitu chenye makali; hata mkasi mdogo wa kucha aliutoa kwenye mkoba akauacha mezani. Alichukua ndoo moja nyeupe iliyokuwa ya mtindi, na ikijaa matunda ya blåbär, yale madogo ya buluu yanayoota chini kabisa, alirudi, hata kama kichaka kizima kilikuwa bado hakijaguswa. Ndoo hakuifunika. Nilipokuwa mdogo nilimwambia matunda yatamwagika, akasema acha yaonekane. Na tulipofika kwenye kile kizuizi cha chuma, kila mara alisimama. Dakika moja hivi, ndoo mkononi, kama mtu anayesubiri basi mahali pasipo na kituo. Kisha tunakwenda nyumbani. Nilidhani anapumzisha magoti.

Mwaka ule wa swali la lifti, ratiba ya kazini kwake ilibadilika. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee kule Sundbyberg, upande wa pili wa jiji, na siku zake mpya za mapumziko zikawa Jumatatu na Alhamisi. Ilikuwa mwanzo wa Agosti, blåbär zimeiva. Mama hakwenda msituni wiki ya kwanza, wala ya pili. Siku zake za mapumziko alikaa jikoni akiwa amevaa viatu vya kutembelea, akitazama vilele vya misonobari kupitia dirishani. Aliacha kupika vitu vinavyochukua muda. Nikimsemesha ananijibu, lakini kama mtu aliye chumba cha pili. Nilianza kuogopa. Mama alikuwa amekaa nchi hii miaka ishirini na mitano, na msitu ule ndio mahali pekee nilipowahi kumsikia akiimba, na sasa ulikuwa unamponyoka mbele ya macho yangu, bila mtu kuufunga.

"Mama, leo Jumatatu. Twende."

"Jumatatu siendi."

"Kwa nini?"

"Siku yake bado."

"Siku ya nani? Msitu hauna siku."

"Wewe unasema."

Nikafanya ninachofanya siku zote: nikaleta ushahidi. Nikamsomea sheria kwenye simu, ile haki ya kila mtu ambayo watoto hapa hufundishwa pamoja na kuogelea: yeyote aweza kutembea porini, kuchuma matunda na uyoga, siku yoyote, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi asiharibu na asisogelee nyumba za watu. Nilisoma polepole, kwa Kiswahili changu cha kutafsiri papo hapo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Nani amesaini?"

"Hakuna anayesaini, mama. Ni haki."

"Haki isiyo na karatasi unamwonyesha nani?"

Lazima nikiri kwamba mimi mwenyewe sikuiamini sana haki hiyo. Chuoni nilikuwa nimeandika insha iliyosema mali ya umma ni jina la heshima la mali isiyo na mwenyewe, na niliipenda mno sentensi hiyo. Siku ile, mbele ya mama na viatu vyake, ilinitoka kichwani.

Alhamisi mama alivaa gauni lake la Idi, akaniambia nimsindikize kwenye ofisi ya jiji inayohudumia wakazi. Hakusema anakwenda kufanya nini. Kama ningejua, ningebishana njia nzima.

Aliyekuwa kaunta ni mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Mama alizungumza Kiswidi chake cha jikoni, taratibu, kila neno mahali pake.

"Naomba kibali cha kuingia msituni Jumatatu na Alhamisi."

"Unataka kufanya shughuli gani huko? Mkutano? Mashindano?"

"Kutembea. Na kuchuma blåbär."

"Kwa hilo huhitaji kibali."

"Najua. Mwanangu ameniambia, anasoma chuo kikuu. Naomba uniandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba sihitaji."

Nilitazama sakafu. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Nikamwambia mama kwa Kiswahili, twende, watu wanasubiri. Hakugeuka. Yule mwanamke akavaa miwani yake na kumtazama mama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ulikotoka," akauliza, "mlikuwa mnahitaji?"

Ndipo mama akasema, kwa Kiswidi, mambo ambayo hakuwahi kuniambia mimi kwa Kiswahili. Kwamba alizaliwa milima ya Usambara, kando ya msitu wa serikali. Kwamba wanawake waliruhusiwa kuingia kuokota kuni Jumatano na Jumamosi tu. Kuni kavu, zilizoanguka zenyewe. Panga na shoka marufuku. Mzigo mmoja wa kichwa kwa mtu mmoja. Na kwenye njia ya kutokea alikaa mlinzi, ambaye unasimama mbele yake mpaka aukague mzigo na kukuambia pita.

Nilisimama pale huku ndoo isiyofunikwa, mkasi wa kucha na dakika moja kwenye kizuizi cha chuma vikijipanga kichwani mwangu. Mama hakuwa amepumzisha magoti. Miaka yote ile alikuwa anasubiri kukaguliwa.

Mwanamke wa kaunta akachukua karatasi na kuandika kwa mkono. Alipomaliza alipekua droo, akatoa muhuri pekee aliokuwa nao, ule wa kugongea barua zinazoingia, akaugonga. Karatasi ilisema hivi: Mwenye barua hii anaweza kwenda msituni siku yoyote, kama mtu mwingine yeyote. Chini yake saini, na juu ya saini, kwa wino wa buluu, neno "Imepokelewa" na tarehe.

"Asante," mama akasema, na akaipuliza ikauke.

Kwenye treni nilimwambia karatasi ile haina nguvu yoyote kisheria. Haitoi haki ambayo hakuwa nayo, na muhuri wenyewe ni wa barua.

"Wewe una leseni ya kuendesha gari," mama akasema. "Umeshaendesha gari gani?"

Siku zilizofuata nilikwenda maktaba. Nilitaka kujua kama kweli hapa watu hawakuwahi kuomba ruhusa, au kama hiyo ni hadithi wanayojisimulia. Nilichokikuta nilikipeleka msituni Jumatatu, kwa sababu Jumatatu tulikwenda. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua. Alhamisi tungeweza pia, lakini alisema Jumatatu. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mkoba, na mkoba kifuani.

Nimezaliwa kilomita chache kutoka kwenye msitu ule, lakini siku hiyo niliingia nyuma ya mtu aliyekuwa anauona wote kwa mara ya kwanza, na sikujua pa kuweka macho. Jua la asubuhi lilipita katikati ya misonobari likagonga vigogo, vikawaka rangi ya shaba kuanzia katikati kwenda juu. Mawe yamefunikwa majani laini ya kijani kama blanketi. Ukibonyeza yanazama, ukiachia yanapanda polepole. Chini ya miguu yetu ziwa lilimeta. Watu hutoa mali nyingi kupata nyumba yenye kuona maji yale, na hapa palikuwa na mpishi wa zamu na mwanafunzi anayesoma kwa mkopo, tukiyaona bure, na hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Nilitafuta kasoro. Ni tabia yangu. Nikipewa kitu nageuza nione nyuma. Nilitafuta ua, kibao, kamera, mtu mwenye uso wa kutukataza. Nilipokosa vyote nilisikia kitu kama woga, ule unaokupata mbele ya jambo kubwa kuliko hoja zako.

Tulikaa chini ya mwaloni mkubwa sana, ambao sisi wawili tusingeweza kuuzungushia mikono. Nikamwambia nilichosoma. Kwa karne kadhaa mialoni yote ya nchi hii ilikuwa ya mfalme, kwa ajili ya manowari zake, hata iliyoota katikati ya shamba la mkulima. Mkulima akikata mmoja, anaadhibiwa. Kwa hiyo wakulima waliuchukia mti huu, na walipoona mche unachipua waliung'oa kimyakimya kabla haujaonekana.

Mama alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kumbe na wao walikuwa na bwana misitu."

"Na wao."

Akaegemeza kiganja kwenye gome. "Sasa huu ulipona vipi?"

Nikamuuliza kama aliuchukia msitu wa kwao.

"Msitu? Hapana. Bila ule mpaka wa msitu maji yangekauka, mpaka leo watu wa tambarare wanakunywa kutoka kule. Wajerumani waliuweka, Waingereza wakaulinda, serikali yetu ikaurithi, na miti bado ipo, ukiiona utanyamaza. Mimi nilikuwa naogopa mlinzi tu." Akaokota ndoo. "Walisema ni mali ya wananchi wote. Nilikuwa nawaza, basi mimi ni nani."

Nikakumbuka sentensi yangu ya chuoni na sikuipenda tena. Misitu yote miwili ilikuwa ya umma, kwa maneno yaleyale, na mama alikuwa ameingia katika wote wawili kwa kunyata.

Ndoo ilijaa kabla ya saa sita. Tulipofika kwenye kizuizi cha chuma, alisimama kama kawaida. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaishika wazi mbele yake, ndoo mkono wa pili. Nilisimama naye. Ndege alilia, akaacha. Baada ya muda akaja mzee na mbwa wake; akatazama matunda, akasema "hej", yaani habari, akasema mwaka huu yamekubali, akapita.

Mama akakunja karatasi. Akamimina matunda yote kwenye mfuko wangu wa vitabu, juu ya shajara na daftari.

"Narudi," akasema. "Ndoo ya pili."

Na akageuka akaingia tena msituni, bila kuharakisha, akianza kuimba kabla hajafika kwenye miti.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda Usambara peke yangu. Mama mdogo alinipeleka mpaka kwenye ukingo wa msitu, akanionyesha njia ya kutokea na jiwe alilokuwa akikalia mlinzi. Ni kweli, ukiiona miti ile unanyamaza. Nikamsimulia habari za karatasi na ndoo ya pili, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akaniambia kwamba mama alipokuwa na miaka kumi, yeye mama mdogo alikuwa mtoto mchanga mwenye homa, na nyumbani hapakuwa na kuni ya kuchemshia maji. Mama aliingia msituni bila ruhusa, akakamatwa hapo kwenye jiwe. Mlinzi hakumpiga. Alimfungulia mzigo, akamrudisha ndani, akamsimamia mpaka akaulaza kila ukuni mahali alipouokota, mmoja mmoja, hadi akatoka mikono mitupu.

Ilikuwa Jumatatu.