Kaptula ya Bafta

Bafta mpya, kile kitambaa chepesi cha pamba, ikilowa hutoa harufu ya wanga, na hata leo nikiinusa masikio yananiwaka moto.

Klabu ya vimashua vya matanga pale Raskazone ilikuwa imeanza kupokea watoto wa mjini. Sharti lilikuwa moja: uogelee mpaka kwenye boya na kurudi. Mama alinishonea kaptula ya bafta nyeupe kwa mkono wake, mtaa wetu mzima wa Makorora ukaja kuisifu.

Niliogelea kama papa aliyechelewa harusini. Nikarudi wa kwanza, nikasimama kwenye maji ya kiuno, nikajitazama. Kaptula imekuwa kioo, yote yanaonekana!

"Toka tupeane mkono!" akaita bwana wa klabu. "Usipotoka sikupokei!"

"Bado naogelea, bwana."

Maji yakaanza kupwa, nami nikayafuata kinyumenyume, nusura nifike Pemba. Wenzangu wakacheka ufukweni: "Huyo kaota magamba!"

Ndipo mama, aliyekuja kunitazama, akaingia baharini na buibui lake, akanifunga kanga kiunoni. Nikatoka, nikapewa mkono, nikapokewa.

Njiani akaniuliza, "Lakini mshono ulikuwa mzuri, mwanangu?"

"Mzuri, mama."

Tukaenda hadi nyumbani hatutazamani.