Kadi ya Mwaka na Mama Mkwe

Wateja wangu wa mapazia wakijua kwamba tuliwahi kuwa na kadi ya mwaka ya ile bustani ya michezo, iliyo nje ya mji kwenye barabara ya Vwawa, huniuliza swali lile lile: inalipa? Huwajibu kwa kifupi, maana futikamba iko mkononi na mtu ana haraka zake. Jibu lenyewe ni refu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Hupeleka mizigo Kongo kupitia Zambia, na safari moja inaweza kula mwezi mzima. Mwaka juzi, wiki ya Pasaka, alirudi na kadi mfukoni. Ilikuwa ya familia: watu wazima wawili na watoto watatu, kuingia siku yoyote kwa mwaka mzima, picha yake na yangu zimebandikwa. Yangu aliitoa kwenye simu. Nilikuwa nimefumba jicho moja.

"Mkienda mara mbili tu kwa mwezi," alisema, "hela imesharudi."

Nilikasirika. Mimi nilikuwa nimemwomba tenki la maji. Mtaani kwetu bomba hutoka likijisikia, na sisi tulikuwa tunapanga foleni na ndoo.

"Watoto wanaoga kwa kopo moja," nikamwambia, "halafu wewe unawanunulia bembea."

Alikuwa na uchovu ule wa barabarani ambao haumwachi mtu hata akilala. Siku ya tatu akaondoka tena, na kadi ikabaki juu ya kabati.

Wakati huo mama yake alikuwa anaishi nasi. Baba mkwe alikuwa amefariki, na wanawe waliona si vizuri akae peke yake Mbebe, kule milimani Ileje. Wakamleta kwetu. Mimi nimezaliwa Isansa, Mnyiha. Yeye ni Mndali. Tulikutana kwenye Kiswahili, ambacho si cha nyumbani kwake wala kwangu, na hata hicho tulikitumia kwa kubana. Kwa kweli tulikuwa hatuzungumzi. Tulikuwa tunatumana watoto.

"Mwambieni mama yenu maharage kayatia chumvi mapema."

"Mwambieni bibi nimesikia."

Jikoni, nikiweka sufuria hapa, nikigeuka naikuta pale. Nikifagia, anafagia nyuma yangu. Sikuwa na la kumshtakia mume wangu, kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa kosa. Lakini jioni nikifunga duka la kushonea, miguu ilikuwa mizito kurudi nyumbani.

Watoto ndio waliotutoa. Jumamosi moja walisumbua tangu asubuhi, na walikataa katakata kumwacha bibi yao. Tukajaa wote kwenye bajaji. Getini, binti mkata tiketi akaitazama kadi, akamtazama mama mkwe.

"Mtu mzima wa pili hapa ni mwanaume," akasema. "Sura lazima zilingane."

Nikaanza kueleza habari za Kongo na foleni za malori. Mama mkwe akaichukua ile kadi, akaisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo watu wa umri wake, akamrudishia.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema. "Angalia vizuri. Sura ni moja."

Yule binti akacheka, akatupisha. Ziara ya tatu alikuwa ameshatafuta njia ya kubadilisha picha ya mume wangu kwa ya mama yake, bila sisi kuomba.

Ndani, watoto walitawanyika kufumba na kufumbua: mmoja kwenye bembea, mmoja kwenye lile jumba la hewa la kurukia, mdogo kwenye treni inayozunguka kibwawa. Tukabaki wawili kwenye benchi la saruji, na hapakuwa na mtoto wa kumtuma.

Nikatoa karanga za kuchemsha kwenye mfuko, nikaziweka katikati yetu. Akamenya moja. Mwishowe akasema, akiwa anaitazama ile treni, "Hiki kitoto hakichoki kwenda pale pale?"

"Hakichoki, mama."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yote ya siku hiyo.

Zamani, kabla ya kadi, tuliwahi kwenda bustani hiyo na mume wangu kwa kulipa mlangoni, mtoto wa kwanza alipotimiza miaka saba. Mdogo alianza kuchemka mwili mapema, lakini tuling'ang'ana mpaka wanafunga, kwa sababu tulikuwa tumeshalipa. Tulirudi tumenuniana, kila mtu akiona mwenzake ndiye aliyeharibu siku. Kwa kadi ilikuwa tofauti. Tulikuwa tunaweza kwenda Jumatano watoto wakitoka shule, tukakaa nusu saa, wingu likitanda tukarudi. Hakuna aliyelazimika kufurahi. Hilo sikulijua kabla, na hata mume wangu aliyeinunua nadhani hakulijua.

Tukawa tunakwenda karibu kila wiki, na kila mara karanga zilitosha kwa maneno machache zaidi. Alinisimulia alivyoolewa, alivyokuwa akishuka hadi Isongole, mpakani, kwa miguu kuuza viazi na kurudi na sabuni kutoka ng'ambo ya Malawi. Nami nikamwambia juu ya mama yangu, aliyefariki kabla sijajifunza kushona.

Siku moja, ilikuwa Agosti na upepo wa baridi, nilipata ujasiri.

"Mama, nikuulize kitu. Pale nyumbani, ninakosea wapi?"

Aligeuka, akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Kukosea kivipi?"

"Nikifagia, unafagia tena. Nikipika, unahamisha sufuria. Naona kama unanikagua."

Akasema polepole, kwa lafudhi yake ya Kindali inayovuta maneno, "Mwanangu, kwangu nilikuwa naamka najua pa kuanzia. Kuna ng'ombe, kuna shamba, kuna mzee anataka uji. Kwako naamka nakaa kitandani nasikiliza, niguse nini ambacho hujagusa? Nikikosa, naenda kugusa ulichogusa wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Mdogo akaja mbio akilia, amechubuka goti, na bibi yake akainama kumpangusa kwa ncha ya kitenge, na mimi nikashukuru kupata la kutazama.

Kesho yake nilimwachia maharage yote, kuanzia kuchambua hadi kuunga. Nikaenda dukani. Yalikuwa na chumvi kidogo kwa ulimi wangu, nikayala.

Novemba, mvua zilipokaribia, alisema anarudi kupanda mahindi. Shemeji yangu alikuwa amemkarabatia nyumba yake. Alituaga kwamba anakwenda kwa msimu mmoja, lakini tulipomfungia hadi vyungu vyake tulijua kwamba harudi. Stendi nilimshika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya mkwe, naye hakuutoa.

Kadi ilikuwa bado na miezi. Niliendelea kuwapeleka watoto, ila nilikaa kwenye benchi nikichezea simu, na saa moja ikawa ndefu. Wakubwa wawili walianza kusema bembea ni za watoto. Januari tulienda mara moja tu. Februari hatukwenda kabisa.

Pasaka ilipofika, mume wangu alikuwa nyumbani. Aliichukua kadi, akaigeuzageuza.

"Tulipie tena? Kwani ilifaa?"

Alitaka nimwambie mara ngapi tulikwenda. Sikuwa nimehesabu. Nilimweleza habari za mama yake na benchi, kila kitu, hata yale maneno ya Agosti. Alisikiliza, akatoka nje, akakaa sana kwenye ngazi za lori lake.

Aliporudi nilimwambia tusilipie. Kama kuna hela, likizo ya Juni twende sote Mbebe, yeye mwenyewe akiwemo, tukakae wiki mbili. Akakubali papo hapo.

Mdogo ndiye aliyeumia. Kila bajaji ikipita kwenye lile geti alikuwa anauliza kwa nini hatushuki. Nikamwambia kadi imekwisha. Akauliza nani kaimaliza. Kwake yeye treni ile ilikuwa bado haijaisha, na kusema haki, yeye sikuwa nimemuuliza kabla ya kusema tusilipie.