Kidude Nilichokiziba Mdomo

Ipo siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini inakataa. Nilikuwa kijana, fundi umeme hapa Kilosa, bisibisi mfukoni na mdomo mrefu kuliko ngazi yangu. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliishi katika nyumba ya zamani karibu na stesheni, kuta nene na nyaya kuukuu, akiuza barafu na juisi ya ukwaju. Nikamwambia nyumba ya namna hii ni hatari. Nikaenda mwenyewe Morogoro kununua kile kidude kinachokaa kwenye boksi la swichi kubwa, ambacho umeme ukivuja hata kidogo kinaukata wote kabla haujaua mtu. Nilikifunga vizuri. Hapo sijilaumu.

Basi kidude kikaanza kukata. Leo kimekata, kesho kimekata, barafu inayeyuka. Shangazi akaniita.

"Mwanangu, hiki kitu chako kinanitia umaskini. Hebu kitazame."

Nikatazama, kama kutazama ndiko kule. Nilipima nyaya za sebuleni, nikapima za chumbani, zote nzima. Lililobaki ni friji, nalo lilikuwa limejaa, zito, limesukumwa mpaka ukutani. Kulisogeza ni kazi ya dakika kumi. Lakini nilikuwa nimepata lifti ya kwenda Mikumi, kwenye kazi ya kufunga umeme nyumba ya wageni iliyokuwa ikinisubiri, na dereva alikuwa nje anapiga honi. Nikafungua boksi, nikaunganisha waya ukapita pembeni ya kile kidude, nikafunika. Kikabaki pale kama pambo.

"Tayari, shangazi. Nimekitengeneza."

Mwongo mkubwa mimi! Naye akaniombea dua, akanisifu mtaa mzima. Umeme haukukatika tena.

Masika yakaja, maji yakaingia mpaka ndani. Asubuhi moja shangazi alikanyaga sakafu iliyolowa, miguu mitupu, akashika mlango wa friji. Walimkuta hapo hapo. Nyuma ya friji panya walikuwa wametafuna waya mpaka shaba ikagusa bati lake. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ila hapa aliyeficha nilikuwa mimi, na aliyekufa ni yeye.

Msibani kila aliyeingia alisema kazi ya Mungu haina makosa. Nami nikaitikia, haina makosa. Kweli haina. Makosa yalikuwa kwenye kazi yangu, nami nilikuwa nimekaa pale mkekani napokea pole za watu.

Alikuwepo mtani wetu, mzee Masanja, jirani wa shangazi, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa Rudewa kukata mkonge. Ndiye aliyekimbia kuzima umeme siku ile, na alipofungua boksi aliuona ule waya wangu. Unajua watani msibani hawana breki. Akachomeka plaizi kiunoni, akasimama mbele ya watu, akanikazia macho mimi, akaiga sauti yangu.

"Shikamoo, shangazi! Kidude kinakusumbua? Ngoja nikizibe mdomo, ulale!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kile nakichukia mpaka leo.

Tulipotoka makaburini akanivuta kando. "Utani umekwisha. Sasa naongea kama baba yako. Kile kidude kilikuwa mlinzi. Kila siku anapiga kelele kuna mwizi, wewe ukamziba mdomo, hukuuliza mwizi yuko wapi. Tukianua tanga hujamwambia baba yako, nitamwambia mimi, na sitamchekesha mtu."

Siku ya tatu nilimwambia baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia yake magotini. Akasema, "Ungesema hujui, ningekuwa na dada." Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukila sahani moja, lakini hata balbu ikiungua alimwita fundi mwingine, na mimi nimekaa sebuleni.

Leo nawasikia nyinyi vijana mkijigamba, "Vidude hivi vinasumbua, sisi tunaviruka tu." Loo! Mnaruka nini? Sikiliza, mwanangu. Kikikata, kuna mahali umeme unavuja, na usipoutafuta wewe, atauona mtu mwingine kwa mkono wake. Sogeza friji. Panda darini. Bomoa ukuta ikibidi. Ukishindwa, zima umeme, mwambie mwenye nyumba, "Sijui, tafuta fundi anayenizidi," hata barafu yote iyeyuke na akutukane. Aibu ya kutojua ni ya siku moja. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka nimeota mvi.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioona haya kusema sijui. Na akuepushe, mwanangu, usije ukapokea pole za msiba ulioutengeneza mwenyewe. Amina.