Mng'oa Nyasi

Kisima kilipoanza kutoa matope, tuliita kampuni ya bustani, nayo ikatuletea mtu mmoja tu, mwenye jembe, beseni kuukuu na sauti ya mtu aliyemaliza maneno yake jana. Kazi yake ni kung'oa nyasi za watu na kuweka kokoto na mimea isiyodai maji. Kabla ya kuchimba popote humwaga kikombe kimoja cha maji, akachuchumaa, akatazama udongo unavyoyanywa. "Huu umechoka," husema, kisha hushika jembe kama aliyechoka zaidi yake. Kucha zake zina udongo wa nyumba nyingi. Akinawa, hunawa juu ya shina la mshubiri, tone lisipotee. Mama mkwe alimfuata siku nzima akililia ukoka wake wa miaka ishirini. "Mama, nyasi ni mgeni asiyeshiba," alimjibu, akaendelea kung'oa.

Jioni ya siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba akikata kipande cha ukoka ule kwa kisu, taratibu, akikilaza ndani ya beseni. Hakushtuka. "Mke wangu hawezi kutembea tangu mwaka jana," alisema. "Jioni namketisha kitandani, miguu ndani ya beseni, anakanyaga hizi, ndipo anapata usingizi. Za nyumba niliyotoka kabla ya hii zimekauka." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aje, akaniomba maji, ndoo nzima. Akayamimina yote juu ya zile nyasi, wala hakuchuchumaa kutazama.