Homa na Meno ya Uongo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nimelelewa kambini Kasese, binti wa askari aliyetoka mbali kaskazini, na baba yangu hata akiwa nyumbani hakuiacha kazi ya lango. Mgeni akibisha, aliulizwa anatoka wapi na anamtaka nani kabla ya kupewa kiti. Nilipoolewa Bwera na Mkonzo mmoja anayeuza mitumba, nilihama na tabia hiyo pamoja na masufuria yangu. Mama mkwe aliigundua siku ya kwanza. Aliniletea bundu, ugali wao wa muhogo, nami nikaugeuza kwanza nione chini kuna nini. Alicheka, lakini hakusahau.

Kwa hiyo siku niliyompeleka mwanangu wa kwanza chanjo, akiwa na miezi mitatu na kidogo, nilimwomba muuguzi anionyeshe kile kichupa. Akanionyesha bila kununa. Kisha akasema, "Jioni mutoto anaweza kupata moto kidogo. Isikutishe. Ni mwili inajifunza." Mimi nikajiambia, mtu anayekutangazia ugonjwa kabla haujafika ana lake jambo.

Homa ikaja jioni ile ile. Mtoto akawa moto, analia, anakataa ziwa. Nami badala ya kutulia kwa kuwa nilionywa, nilizidi kushuku: alijuaje?

Mama mkwe hakuishuku sindano hata kidogo. Yeye alimtazama mtoto mdomoni. Akapitisha kidole juu ya ufizi, akakisimamisha pale ambapo siku moja chonge litaota. "Mama ya mutoto, iko hapa," akasema. "Meno ya uongo. Ndiyo inamumaliza."

Tunasemezana kwa Kiswahili, mimi na yeye, kwa sababu Kikonzo changu ni cha kununulia nyanya tu. Na jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Mtoto mchanga akipata homa au kuhara, wako wengi huku kwetu wanaotazama ufizi. Wakiona umevimba, wanasema ni meno ya uongo, na yasipotolewa mtoto atakufa. Kuna watu wenye kazi hiyo. Wanachimba kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Kinachotoka ni kitu cheupe, laini, kinafanana na funza, na mama anaonyeshwa aone kwa macho yake. Nani atabisha? Mume wangu alichimbwa. Mpaka leo ana mapengo kwenye taya la chini, na akipigwa picha hafungui mdomo.

Nilimpigia simu huko Kasese, sokoni. "Mama anajua," akanijibu. "Hata mimi walinitoa. Si niko hapa?" Basi kuanzia hapo nikamshuku na yeye.

Asubuhi mama mkwe alikaa uani na jirani, wakinong'ona Kikonzo. Neno meno halikunipita, maana linafanana na la Kiswahili. Waliponiona wakageukia bei ya kahawa. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga na kufagia naye, nikamenya naye muhogo. Mama mkwe akawa mpole kupita kiasi. Akaniambia nimechoka, mgongo utaniuma, nikaoge, yeye atamshika. Ule upole ulinitia wasiwasi, na bado nilikubali, kwa sababu kweli nilikuwa nanuka maziwa na jasho. Niliporudi kutoka bafuni, ile kanga haikuwepo. Mtoto hakuwepo. Mama mkwe hakuwepo.

Sikumuuliza jirani kwa adabu. Nilimuuliza kama baba yangu angemuuliza, na akanyoosha kidole kuelekea njia ya kupanda mlimani.

Niliwakuta nyuma ya nyumba moja ya matofali. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi kwenye kigoda, spoki iko ndani ya kikombe cha maji. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto na kumbana miguu. Nilimnyakua. Niliogopa na kukasirika kwa pamoja.

"Utamuua," mama mkwe akaniambia. Hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hilo sikulitarajia. Nilidhani nitakuta ujanja, nikakuta hofu.

"Twende kituo cha afya kwa musawo kwanza," nikasema. "Akishindwa, utanirudisha hapa mwenyewe." Nilimdanganya. Nisingerudi pale hata kwa mtutu wa bunduki.

Muuguzi alikuwa yule yule wa sindano. Alimtoboa mtoto kidole apime malaria, kwa sababu, alisema, si kila moto ni wa chanjo. Malaria haikuwepo. Akampa dawa ya kushusha homa, kisha akavuta benchi akaketi karibu na mama mkwe, si karibu yangu.

"Mama, ile sindano iko na mududu aliyekufa, ao kipande yake tu," akaeleza. "Haiwezi kumuumiza mutoto. Lakini mwili ikiiona inasema, huyu si wa kwetu. Inaita askari yake, inawasha moto. Wadudu mingi haipendi moto, na askari nao wanafanya kazi mbio. Wakimaliza, moto inazimika. Lakini askari wengine wanabaki, wanakumbuka ile sura. Siku mududu muzima akija, hawapotezi saa kumuuliza jina."

Mimi nilimwelewa kabla hajamaliza. Kumbe mwili wa mwanangu ni wa ukoo wetu, hauamini mtu. Nilitaka kucheka kwa furaha. Nilijiona nimeshinda.

Mama mkwe hakucheka. "Na ile nyeupe inatoka kwa ufizi?" akauliza. "Niliiona na macho yangu."

"Ni jino yake mwenyewe, Mama. Bado changa, ndiyo maana iko laini."

"Si mududu?"

"Si mududu. Na ngozi ya mdomo ni ukuta. Ukiichimba na spoki, unafungua njia, uchafu inaingia damu. Mutoto mudogo hivi, askari yake wako bado kidogo. Wengine wanashindwa."

Tuliketi pale benchini mpaka mtoto akatoka jasho kwenye paji la uso, akapoa, akatafuta ziwa na kunyonya kwa pupa. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mama mkwe njiani, yote makali, nimeyapanga vizuri.

Tulipofika penye kona ya kwenda nyumbani alisimama. Nikadhani anapumzika.

"Baba ya mutoto si wa kwanza nilizaa," akasema.

Sikuwa nalijua hilo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia.

"Kulikuwa musichana mbele yake. Alikuwa na moto, hivi hivi tu. Walimutoa meno, damu ikakataa kusimama, kisha mdomo ikavimba. Wakaniambia nilichelewa kumuleta." Alikuwa anatazama chini barabarani. "Ndiyo maana huyu wako nilimukimbiza leo mapema."

Maneno yangu makali yote yakaniishia. Nilimwonea huruma. Sikujua kusema pole kwa Kikonzo, nikaona Kiswahili hakitoshi, basi nikafungua kanga, nikamnyooshea mtoto ambebe mpaka nyumbani.

Akarudi nyuma hatua moja, mikono ameificha mgongoni. "Hapana," akasema. "Hata yule musichana, ni mimi nilimushika miguu."